Kompresa ya Jokofu na Kifua cha Mtoto

Ndugu mmoja, fundi wa majokofu mjini Morogoro, ametuletea barua yenye mchoro alioupima kwa rula. Mpwa wake ana umri wa miaka 6 na anasumbuliwa na pumu. Kila abanwapo kifua hukimbizwa zahanati, nako huvutishwa dawa kwa mashine ile inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu, ambayo wauguzi huiita nebulaiza. Mashine ya kununua ni ghali kwa mfuko wa familia. Karakanani kwake zimelundikana kompresa za majokofu yaliyokufa, na nyingi zingali zikisukuma hewa kwa nguvu. Anauliza: kuna kizuizi gani asiiunganishe moja na kikombe cha dawa, ilhali hewa ni hewa? Mchoro wake ni mzuri, na chujio ameliweka. Hata hivyo jibu letu ni kwamba asifanye hivyo kabisa, na sababu zake yafaa zielezwe kwa kirefu, kwa kuwa wenye fikra kama yake si wachache.

Kompresa ya jokofu la nyumbani ni chungu cha chuma kilichochomelewa pande zote. Ndani yake mna mota, pistoni ndogo, na mafuta yaliyotulia chini. Mhimili wa mota huyavuta mafuta hayo na kuyarusha juu ili yalainishe beringi na pistoni. Gesi inaporudi kutoka kwenye jokofu humwagika humo humo chunguni, ikapita katikati ya manyunyu ya mafuta, ndipo ikavutwa na pistoni na kusukumwa nje. Kwa jokofu jambo hili halina dhara. Gesi huzunguka katika mabomba yaliyofungwa, na mafuta yanayochukuliwa nayo huzunguka na kurudi nyumbani kwake. Fundi wetu anayajua haya kuliko sisi.

Sasa likate bomba hilo, uache upande mmoja uvute hewa ya chumbani na upande wa pili upulize kinywani mwa mtoto. Mafuta yatatoka na hayatarudi. Mitambo yenye gesi ya R12 ilitiwa mafuta ya madini, na ile ya R134a hutiwa mafuta ya kutengenezwa kiwandani. Hakuna kati ya hayo yaliyokusudiwa pafu la binadamu. Kwa nini basi tusiseme ni kidogo tu, yatakoholewa? Kwa sababu nebulaiza huipitisha hewa katika tundu jembamba sana, na mkondo huo wa kasi huivunja dawa kuwa matone ya mikroni 1 hadi 5, yaani sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Udogo huo umekusudiwa: tone kubwa hukwama kooni, tone dogo hufika kwenye vijia vyembamba vya hewa mapafuni. Mafuta yaliyokwisha kuwa ukungu ndani ya kompresa yatasafiri pamoja nayo. Tena mafuta ya madini ni maovu kwa namna yake: hayamchokozi mtu akohoe kama maji yanavyomchokoza, na mwili hauwezi kuyasaga. Hubaki mapafuni, na yakizidi husababisha uvimbe ambao madaktari wanaufahamu vizuri, homa ya mapafu itokanayo na mafuta. Mtoto aliyekwisha kubanwa na pumu hana pafu la ziada la kufanyia majaribio.

Chujio je? Pamba au chujio la gari hukamata matone makubwa. Lakini kompresa ikipata moto sehemu ya mafuta hugeuka mvuke, na mvuke hupita katika pamba kama moshi upitavyo katika makuti. Viwandani wanayo machujio maalumu yanayokusanya ukungu wa mafuta, kisha hewa hupitishwa katika mkaa uliotayarishwa ili unase mvuke uliosalia. Yanafanya kazi, tena mitambo mingi mikubwa ya hospitali ya kutengeneza oksijeni huendeshwa kwa kompresa zenye mafuta na kusafishwa kwa njia hiyo hiyo. Ila mkaa huo una kikomo, na ukishiba haupigi kelele. Katika joto na unyevu hushiba mapema zaidi. Hapo usalama wa mgonjwa unaning'inia kwenye daftari la fundi: chujio limebadilishwa lini, na la kubadilishia lipo ghalani au halipo? Kwa maoni yetu, uchafu usiotiwa ni bora kuliko uchafu unaoahidiwa kuondolewa. Kipimo kinachotumika Ulaya kwa hewa ya wagonjwa hakiruhusu mafuta kuzidi miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo. Kiasi hicho huwezi kukiona wala kukinusa, na karakanani hakuna chombo cha kukipima.

Basi pampu isiyoichafua gesi huundwaje? Swali hili ni la zamani. Wanakemia wa karne ya 19 walilihangaikia, kwa kuwa walikuwa na gesi kidogo mno na hawakutaka kuitia doa. Mwaka 1865 Hermann Sprengel alitangaza pampu ambayo ndani yake matone ya zebaki huanguka katika kijibomba cha kioo, kila tone likisukuma punje ya hewa mbele yake. Hamna pistoni, hamna ngozi, hamna mafuta. Kwa pampu za zebaki akina William Ramsay waliweza kuhamisha gesi adimu walizozigundua kati ya 1894 na 1898, kama vile agoni na zenoni. Zebaki ilikuwa safi kwa kazi yao, lakini nayo hutoa mvuke wenye sumu, kwa hiyo mbele ya mgonjwa haina nafasi. Wapo waliojaribu maji mahali pa zebaki, ila maji huyeyusha sehemu ya gesi na kuitia unyevu.

Kiini cha tatizo ni msuguano. Pistoni husugua silinda, na kinachosugua hudai kulainishwa. Tazama hata bomba la baiskeli: ule mviringo wa ngozi uliomo ndani ukikauka bila grisi, haupulizi tena. Mbunifu mwenye busara hauulizi mtambo wake unahitaji mafuta gani. Huuliza namna ya kusukuma hewa bila kitu chochote kusugua kitu kingine mahali hewa ilipo. Mhunzi wa zamani alikuwa na jibu pasipo kuulizwa. Ngozi ya mbuzi ilifungwa juu ya bakuli la mti au udongo, ikainuliwa na kushushwa kwa kijiti, na upepo ukaingia kalibuni. Wahaya waliyeyusha chuma kwa mivukuto ya jinsi hiyo, na ustadi wa tanuri zao ulielezwa na Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978. Mhunzi hakujali usafi wa hewa, moto hauugui mapafu. Lakini angalia umbo lile: ngozi inapinda, haisugui.

Pampu ya kisasa ya namna hiyo huwa na kiwambo, neno lile lile la ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Kipande cha mviringo cha mpira au cha plastiki ngumu hubanwa ukingoni kati ya vyuma viwili. Katikati kimeshikwa na mkono unaokisukuma na kukivuta. Juu yake mna chumba kifupi chenye milango miwili, mmoja wa kuingizia na mmoja wa kutolea, ambayo ni ndimi nyembamba zinazojifungua na kujifunga zenyewe. Beringi na grisi zake zote zimo upande wa pili wa kiwambo. Gesi hukutana na vitu vitatu tu: kiwambo, kichwa cha pampu, na ndimi. Vitu hivyo vitatu ukivichagua vema, gesi haina pa kuchafukia.

Kuvichagua ndiko kwenye kazi. Mpira wa asili huchakaa na kupasuka kwa hewa na jua, na gesi nyingine hupenya polepole ndani yake. Mpira mpya hunuka, na harufu hiyo ni kitu kinachotoka mpirani na kuingia hewani. Ndiyo maana pampu mpya huachwa izunguke kwa saa kadhaa bila mtu kuivuta. Plastiki iitwayo Teflon, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, haiungani na kitu karibu chochote, ila ni ngumu kuliko mpira na haipendi kukunjwa kwa pembe kali. Kwa hiyo kiwambo hufanywa kipana, mwendo wake ukawa mfupi, na ukingo wa chuma kinachokibana ukatiwa mviringo. Hesabu kidogo itaonyesha sababu: mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hukipinda kiwambo mara 90,000 kwa saa moja. Kwa kazi ya saa 10 hizo ni 900,000. Mkunjo mmoja mbaya ukirudiwa hivyo, siku ya kupasuka haiko mbali, na kikipasuka hewa ya upande wa grisi huchanganyika na gesi safi. Penye gesi ya hatari au ya thamani huwekwa viwambo viwili au zaidi vilivyopandana, na katikati yake kipimo cha kuonya kwamba kimoja kimetoboka.

Kuna na nafasi inayobaki juu ya kiwambo kinapofika kileleni. Gesi iliyobanwa humo haitoki. Kiwambo kinaposhuka hutanuka tena na kuzuia gesi mpya isiingie, na kama ulibadilisha aina ya gesi, ya jana huchanganyika na ya leo. Nafasi hiyo hufanywa ndogo kadiri iwezekanavyo.

Nebulaiza nyingi za dukani hazina kiwambo, zina pistoni kavu yenye mviringo wa plastiki ya jamii ya Teflon, inayosugua bila mafuta. Zile mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, ambazo thamani yake ilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020 na 2021, nazo hutumia pampu kavu za aina hiyo. Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21. Mashine huisukuma katika chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, ikatoka oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Mafuta yangeziziba chembe hizo na kuziharibu, mbali na madhara kwa mgonjwa. Gharama ya pistoni kavu ni kuchakaa: hutoa vumbi jembamba, na chujio la kutolea lazima liwepo.

Tena pampu isiyotia uchafu haiondoi uchafu iliouvuta. Ukiiweka karibu na jiko la mkaa au jenereta, itampelekea mgonjwa moshi ule ule kwa uaminifu. Wapiga mbizi wanalijua hili kwa uchungu. Kipimo cha Ulaya cha hewa ya kupumulia majini hakiruhusu gesi ya kaboni monoksaidi kupita sehemu 5 katika milioni, kwa kuwa mzamiaji akiwa kina cha mita 30 anavuta hewa yenye shinikizo mara 4 ya ile ya nchi kavu, na sumu humwingia kwa nguvu kana kwamba ni sehemu 20. Bomba la kuvutia hewa likielekezwa kwenye ekzosi ya injini ya kompresa yenyewe, hakuna ustadi wa kiwambo utakaomwokoa.

Tumrudie mtoto. Ndugu fundi, lipo jambo unaloweza kulifanya kwa mikono yako bila mota. Muulize daktari kuhusu dawa ya pumu ya kopo la kupuliza, na kuhusu chupa. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa kopo na kuzibwa vizuri pembeni, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na vyombo vya dukani vya kazi hiyo. Dawa hupulizwa chupani, mtoto naye hupumua taratibu mdomoni mwa chupa. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kwa pumu isiyotishia uhai njia hii haishindwi na nebulaiza. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ijikaukie bila kufutwa kwa kitambaa, maana kusugua plastiki huitia umeme unaoikamata dawa. Mtoto akishindwa kusema, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya samawati, apelekwe hospitali mara moja, chupa au hakuna chupa.

Na zile kompresa? Zitumike kujaza upepo matairi. Zisitumike kupulizia rangi, kwani mafuta yataiacha rangi na madoa. Na katu zisikaribishwe kwenye oksijeni: mafuta yakikutana na oksijeni iliyoshindiliwa huweza kuwaka yenyewe bila cheche. Kwenye kazi ya matairi kumbuka kutazama mafuta yaliyomo kila baada ya siku chache, kwani hapo hakuna bomba la kuyarudisha, na kompresa iliyokaukiwa hushika.