MAONI: Jua la kaskazi, moshi wa malori na ozoni tusiyoiona

Kila msimu wa kaskazi unapoingia, mazungumzo ya barazani hapa Pwani huwa ni joto, bei ya maji na feni zinazozunguka bila kuleta afueni. Hewa yenyewe tunayoivuta huwa haitajwi. Lakini ni lini mara ya mwisho ulisikia kiwango cha ozoni kikisomwa katika taarifa ya hali ya hewa?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ozoni ni ngao. Hilo ni kweli kwa ile iliyo juu kabisa, kilomita 15 na zaidi kutoka ardhini, inayotukinga na miale mikali ya jua. Ndiyo iliyolindwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Lakini gesi hiyo hiyo ikiwa chini, puani mwetu, ni sumu. Huwasha koo, hubana kifua, huchochea pumu na hudhoofisha majani ya mimea kama maharagwe na ngano.

Ozoni ya chini haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari wala la kiwanda. Hupikwa hewani. Viungo vyake ni viwili: oksidi za nitrojeni zitokanazo na injini na mitambo, na mvuke wa petroli, rangi na moshi wa taka. Moto wa kupikia ni jua. Ndiyo maana kiwango chake hupanda adhuhuri na alasiri, kisha hushuka usiku.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoamua mambo. Moshi unaweza kuwa ule ule wa jana, lakini mawingu yakitanda, upishi hupungua. Upepo ukivuma kwa nguvu, viungo hutawanyika. Upepo ukitulia na jua likawaka, gesi hurundikana. Wakati mwingine hewa ya joto hukaa juu ya ile ya chini kama kifuniko cha sufuria, na uchafu ukakosa pa kutokea.

Mji wa Los Angeles, Marekani, ulijifunza hili kwa machozi, tena ya kweli, kwani wakazi walikuwa wakitoka majumbani macho yakiwawasha. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na viwanda ukipikwa na jua. Mji ule una bahari mbele, milima nyuma na kifuniko cha hewa juu. Baada ya miongo ya sheria kali za magari na mafuta, viwango vya juu vya ozoni vimeshuka sana, ingawa mpaka leo mji haujafikia kipimo kinachotakiwa.

Turudi kwetu. Sisi tuna bahati ya pepo mbili ambazo wazee wetu walizisoma kabla ya satelaiti. Kusi hutuletea hewa kutoka bahari pana ya kusini, ambako hakuna viwanda. Katika hewa safi na yenye unyevu kama ile, jua lile lile linalopika ozoni mjini huivunja. Kaskazi ni habari nyingine. Mwaka wa 1999, kati ya Januari na Machi, wanasayansi wa mradi wa INDOEX walipima hewa ya Bahari ya Hindi na kukuta wingu la uchafu kutoka Asia Kusini limesukumwa na upepo huo mbali sana baharini. Upepo ulioleta majahazi na tende unaweza pia kubeba moshi wa miji ya watu wengine.

Kisha kuna upepo wa kila siku. Mchana upepo wa bahari huingia nchi kavu. Usiku umande hurudi baharini. Moshi wa asubuhi wa malori ya bandarini, matatu na tuktuk husukumwa kuelekea bara ukiendelea kupikwa njiani. Kandokando ya barabara yenye msongamano, gesi mbichi ya injini huila ozoni, kwa hiyo kipimo cha hapo kinaweza kuwa kidogo, huku kikiwa kikubwa zaidi mbele ya upepo. Kwa mantiki hiyo, mkazi wa Mazeras au Mariakani hana sababu ya kudhani kwamba moshi wa Changamwe haumhusu. Na anayetaka kupima ozoni kwa kuweka kifaa kimoja kando ya barabara kuu tu atajidanganya.

Tiba nayo ina mtego. Wakati wa marufuku ya kutoka nje ya 2020, magari yalipopungua, miji kadhaa duniani ilipata hewa yenye vumbi dogo zaidi lakini ozoni ikapanda. Sababu ni kwamba gesi iliyokuwa ikiila ilipungua, huku mvuke wa viungo vingine ukibaki. Funzo lake si kwamba malori yaachwe yatoe moshi. Ni kwamba injini chafu, mvuke wa vituo vya mafuta na uchomaji taka mitaani vishughulikiwe pamoja.

Sheria tunazo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ratiba ya Nne inazipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kanuni za Ubora wa Hewa zipo tangu 2014 chini ya NEMA. Ujuzi pia tunao: tangu 1996 Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha puto la kupima ozoni kutoka Nairobi, na kituo cha Mlima Kenya kinajulikana duniani kwa kazi hiyo.

Kinachodaiwa ni kuushusha ujuzi huo hadi Pwani. Kaunti zetu zishirikiane, kwa kuwa upepo hautambui mpaka wa Mombasa, Kwale na Kilifi. Vipimo vya ozoni viwekwe mjini na upande wa bara, na matokeo yasomwe redioni pamoja na maji kujaa na maji kupwa. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa nane usizidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ana haki ya kujua kama siku ya leo imepita hapo.

Kwa sasa, siku ya jua kali na upepo uliotulia, michezo ya watoto na mazoezi mazito yafanywe asubuhi mapema badala ya alasiri. Huo ni uangalifu wa mtu mmoja mmoja. Kupunguza moshi wenyewe ni kazi ya waliopewa mamlaka, na bajeti zijazo za kaunti ndizo zitakazoonyesha kama wamesikia.