Bastola si bunduki: tuandike kile shahidi alichokiona

"Watu wenye silaha wasiojulikana." Wakaaji wa uwanda wa Ruzizi wamechoka kuyasoma maneno haya. Leo ni Runingu, kesho ni Sange, kesho kutwa ni Kiliba. Wanaoyaandika ni sisi waandishi wa habari, na kwa maoni yangu tunayaandika kwa uvivu. Silaha gani? Panga ni silaha, na kombora pia ni silaha.

Mashahidi wetu hawana uvivu huo. Mtu wa Runingu akikuambia ameona "pistole", hachanganyi mambo. Anasema juu ya kile kitu kidogo kinachofichwa kiunoni na kufyatuliwa kwa mkono mmoja, ambacho Dar es Salaam na Mombasa wanakiita bastola. Bunduki ni ile ndefu ya begani, na hapa kwetu mara nyingi ni AK-47.

"Pistole" yetu imetoka kwenye Kifaransa cha Wabelgiji, pistolet. (Kule Ubelgiji pistolet ni pia mkate mdogo wa mviringo. Heri wangetuachia huo.) Kuhusu bastola, wengi husema ni neno la Wareno, pistola. Sidhani kama lilikuja moja kwa moja. Wareno walituachia pipa, padri na pera, na herufi P ikabaki palepale. Lugha isiyo na P ni Kiarabu. Kwa hiyo naona neno hilo la Ulaya lilipita kwanza midomoni mwa Waarabu, likageuka B, ndipo likafika pwani. Njia ya Kiarabu ndiyo iliyoleta pia bunduki na risasi. Risasi ni rasas, ile madini laini na nzito. Huku kwetu tumeifanya lisasi, na zikiwa nyingi, masasi.

Huko Ulaya kwenyewe wataalamu bado wanabishana. Wengine wanataja mji wa Pistoia nchini Italia, uliojulikana kwa visu vyake. Wengine wanataja neno la Kicheki píšťala, yaani filimbi, ambalo katika vita vya Wahussite vya karne ya 15 lilikuwa jina la bunduki ndogo ya mkononi. Mimi naegemea filimbi: bomba ni bomba.

Lakini kwa familia iliyofiwa, asili ya neno si kitu. Maana yake ndiyo inayowahusu. Katika majeshi mengi askari wa kawaida hubeba bunduki, na bastola hukaa kiunoni mwa afisa au polisi. Hilo halitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu bastola huibwa na kuuzwa. Lakini ni alama. Hata maganda yanayookotwa chini hayafanani: bastola nyingi hutumia risasi ya milimita 9, AK-47 hutumia ya 7.62. Mahali ambapo jeshi, Wazalendo na majambazi wanasukumiana lawama kila asubuhi, shahidi ametupa alama hiyo bure, nasi tunaifuta kwa neno moja, "silaha".

Ng'ambo ya ziwa jambo hili ni zito zaidi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongomani tangu 1996. Mtu wa Uvira anayeeleza pale kilichomkimbiza anaongea Kiswahili, na anayemwandika anaongea Kiswahili, kwa hiyo nani atafikiri kuleta mkalimani? Lakini akisema "masasi", karani wa Tanzania anajua Masasi kama mji wa Mtwara. Akisema "pistole", huyu anaweza kuandika bunduki, na mwaka unaofuata mwingine akaandika bastola. Atakayesoma karatasi hizo mbili ataona hadithi mbili, na mkimbizi ataitwa mwongo kwa kosa ambalo si lake.

Wenzangu kazini wana hoja moja ninayoiheshimu: kutaja aina ya silaha kunaweza kumfichua shahidi, hasa kijijini ambako watu wawili tu walikuwa karibu na mlango. Ni kweli, na imetokea kwamba mtu akatafutwa kwa sababu ya alichosema. Basi tufiche aliyeona, alikuwa amesimama wapi na saa ngapi. Pale ambapo hata hivyo bado atajulikana, tungoje mpaka ahame. Lakini kwenye daftari la mwandishi, siku ileile, iandikwe pistole kama alivyosema.