Uliacha fizikia kidato cha pili? Hujachelewa, lakini usidanganywe

Wasee, leo wacha niseme kitu ambacho nilikuwa naona aibu kusema.

Siku ya kwanza ya somo la fizikia chuoni, mwalimu aliandika vitu vitatu ubaoni, akageuka, akasema, "Haya mnayajua kutoka shule ya upili," akafuta. Ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia. Manze, sikuwa najua hata kimoja.

Mimi fizikia niliiacha mwisho wa kidato cha pili. Tuliambiwa tuchague, na waliokuwa na alama za chini wakashauriwa, tena kwa upole kabisa, waende jiografia. Nilifurahi sana. Hesabu zimepungua, nani atalia? Hakuna aliyeniambia kwamba kozi ya kilimo niliyokuwa naiota ingekuwa na fizikia ndani mwaka wa kwanza. Kuingia nilikubaliwa bila shida, maana masomo yangu mengine yalitosha. Jaribio la kwanza nikapata 9 kwa 30.

Sasa, ukilia mtandaoni kuhusu hii kitu, utapata majibu ya aina mbili. Wa kwanza atakuambia fizikia ni ya wenye vichwa, achana nayo. Wa pili atakuambia ni rahisi, jiamini tu. Mimi nasema wote wawili wanakudanganya, na huyu wa pili ndiye hatari zaidi, kwa sababu ukifeli baada ya kujiamini, unaanza kufikiri shida ni wewe.

Shida ni mbili tu, na zote zinatibika.

Ya kwanza ni lugha. Fizikia inachukua maneno ya kila siku na kuyapa maana nyingine. Chukua neno kazi. Beba mtungi wa maji wa lita 20, simama nao hapo nje saa nzima bila kusonga. Mkono utauma, jasho litatoka, mathe atakuonea huruma. Fizikia itakuambia kazi uliyoufanyia huo mtungi ni sufuri, kwa sababu haukusonga. Lakini uinue mita moja tu, tayari umefanya kazi ya karibu jouli 200. Wenzako waligombana na hilo neno wakiwa na miaka 16. Wewe unakutana nalo leo, na mwalimu ameshafuta ubao. Hapo akili yako haina kosa. Hukuwepo tu wakati wenzako wanatambulishwa.

Ya pili ni hesabu. Niliporudia karatasi yangu ya 9 kwa 30, niligundua nusu ya makosa hayakuwa ya fizikia. Sikujua kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Matatu iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa inaenda mita 22 hivi kila sekunde; unagawanya kwa 3.6, basi. Nilikuwa naweka 80 moja kwa moja kwenye fomula na kushangaa jibu. Saini na kosaini nilikuwa nimezizika siku ya mwisho ya KCSE.

Kwa hivyo nilifanya kitu cha aibu kidogo. Nilinunua kitabu cha fizikia cha kidato cha pili, kile kimechakaa cha barabarani, nikakisoma nikiwa chuo. Kila swali nilichora kwanza: mtungi, mishale ya nguvu, nani anasukuma wapi. Halafu vipimo. Halafu ndio fomula. Na nikatafuta msee mmoja darasani anayeelewa, nikamwambia ukweli: sijawahi kusoma hii kitu. Unajua alinijibu nini? "Hata mimi." Kumbe tulikuwa wengi tukiitikia kwa kichwa.

Jaribio la pili, 17 kwa 30. Wastani ukawa 13, mtihani wa mwisho 38 kwa 70, jumla 51. Si alama ya kuweka kwenye status. Lakini sikurudia, na siku hizi nikiona matatu inapaa najua kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne kuisimamisha. Hilo silisahau tena.

Wengine watasema kama hukusoma fizikia, kwani ulienda kufanya nini huko? Swali zuri, lakini liulizwe chuo. Kama kozi inapokea mtu bila fizikia na kisha kumpa fizikia, wiki mbili za kumjengea msingi ni deni. "Haya mnayajua" inaokoa dakika kumi za mwalimu na kumgharimu mwanafunzi muhula mzima.

Na hii haiishi na sisi wa 8-4-4. Wadogo wetu wa gredi ya 9 sasa wanachagua njia ya sekondari ya juu: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uamuzi mkubwa hivyo, mtoto ana miaka kama 15. Kama una mdogo wako nyumbani, usimuulize tu anapenda nini. Kaa naye, mwangalie kozi anazotaka, mwone ndani yake mna masomo gani. Mimi sikukaliwa na mtu.

Na wewe uliye chuo na hujui chochote, acha kuitikia kwa kichwa. Inua mkono. Kuna nusu ya darasa inakuombea uulize.

Haya, niambie: wewe uliiacha fizikia mwenyewe, ama uliachishwa?