Mahagi: Gari ya zamani isiuzwe kwa kilo

Mahagi, gari ikishapita miaka ishirini, wengi huanza kuihesabia kilo za chuma. Mwenye Toyota Celica au Subaru ya miaka ya 1990 huambiwa na majirani auze injini peke yake, milango peke yake, na bodi inayobaki ipakiwe pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka. Kijana anayekataa huonekana kama mtu anayepoteza akili na pesa kwa wakati mmoja. Lakini yeye ndiye mwenye haki.

Umri wa gari hauhesabiwi namna moja kila mahali. Uganda, kwa sheria ya mwaka wa 2018, imekataza kuingiza nchini gari iliyotimiza miaka 15 tangu itengenezwe. Kenya ni kali zaidi, haitaki iliyopita miaka 8. Marekani inafanya kinyume: gari ya kigeni ambayo haikutengenezwa kwa kufuata kanuni zake za usalama inazuiliwa mpaka itimize miaka 25, ndipo inaruhusiwa kuingia. Wapenzi wa Nissan Skyline GT-R kule walihesabu miaka kama mama mjamzito anavyohesabu miezi. R32, iliyotoka mwaka wa 1989, ikawafikia 2014. R34, ya mwaka wa 1999, ikawafikia 2024.

Kwa anayenunua gari Uganda, maana yake ni kwamba zile za zamani zilizokwisha kuingia hazitapata ndugu wapya kirahisi. Na mnunuzi wa Marekani anayelipa pesa nyingi kwa gari kuukuu huuliza kwanza kama namba ya chasi na ya injini ni zile zilizotoka kiwandani, kisha anainama chini kutafuta kutu na alama za kuchomelea.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu magari mengi upande huu. Kongo magari hupita mkono wa kuume, Uganda mkono wa kushoto, na gari iliyotengenezewa barabara za Japani inazaliwa na usukani kuume. Dereva anayevuka mpaka wa Goli anabadilisha upande wa barabara, usukani unabaki palepale. Hatari yake kila msafiri anaijua: ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari yako imeshatoka nje, na abiria wa mbele ndiye anageuka kuwa macho ya dereva. Kwa hiyo wapo wanaotafuta fundi awahamishie usukani kushoto.

Kwa gari ya kazi, mikononi mwa fundi anayejua, jambo hilo linaeleweka. Kwa Skyline, Supra au Lancer Evolution ni kuichinja. Ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria unakatwa, sanduku la usukani linatolewa kwenye gari nyingine, na pedali ya breki inaweza kuunganishwa na pampu iliyobaki upande wa pili kwa fimbo ya chuma iliyochomelewa garajini. Gari iliyoundwa kukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa inabaki na breki ambazo hakuna aliyezipima. Afadhali usukani ubaki kuume, na dereva aache haraka ya kupita malori.

Kichekesho ni kwamba gari ya Kimarekani ingefaa barabara za Kongo bila kuguswa. Ford Mustang ilionyeshwa kwa watu New York tarehe 17 Aprili 1964 ikiwa na usukani kushoto, na kiwanda kilianza kuitengeneza kwa usukani wa kuume kwenye toleo la mwaka wa 2015 tu. Hata hivyo, vijana wa Mahagi wanaijua kwa simu na sinema. Injini yake ya V8 inakunywa mafuta, na mafuta yenyewe hununuliwa kwa chupa kwa makadhafi wa pembeni mwa barabara. Pampu yake ya maji ikiharibika, utamuuliza nani? Piesi ya Toyota inatafutwa soko la Kisekka, Kampala, na inafika mpakani kwa basi. Ni piesi zilizoamua, kuliko usukani.

Wapo wanaosema mapenzi ya magari ya mbio ni mambo ya Wazungu. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara 5: mwaka wa 1973 na Datsun 240Z, kisha mfululizo kutoka 1979 mpaka 1982, tena na Datsun. Toyota Celica ikashinda 1984, 1985 na 1986. Jina la gari ngumu ya Kijapani lilijengwa kwenye udongo mwekundu kama huu wa Ituri, kabla ya michezo ya video.

Na kwenye RN27, kati ya Mahagi na Bunia, kuharibikiwa njiani si jambo dogo. Barabara inapita Djugu, ambako wasafiri wameshambuliwa na watu wenye silaha, na magari yamelazimika kutembea kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Gari ambayo fundi anaifungua kwa spana na kuisikiliza kwa sikio inarudi barabarani haraka kuliko ile inayodai kompyuta. Ni kweli, turbo haitaki uzembe: mafuta yaliyochanganywa na maji au petroli ya taa yanaiua injini mapema. Ujuzi huo wanao mafundi wazee, na kila gari inayokatwa vipande inawanyima kitu cha kufundishia vijana.

Wenye magari nao wana deni. Kutoboa bomba la moshi ili gari ipige kelele usiku, au kukimbizana karibu na soko wanapopita watoto na mama wenye mizigo kichwani, kunawapa nguvu wanaotaka magari haya yapotee.

Serikali je? Ujerumani, tangu 1997, inatoa namba yenye herufi H kwa gari iliyotimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili. Kongo inaweza kuanza na kidogo: ofisi inayotoa karte roz iandike bila kosa mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasi, na mnunuzi akatae gari inayotembelea karatasi za gari nyingine. Mwenye Celica ya 1994 aliyetunza karatasi zote, tangu bandari ya Mombasa mpaka Goli, ataweza kujadili bei na mnunuzi wa Bunia au Kisangani kabla ya mwenye mizani kufika kwake.