Namba ya Kidoleni Haitoshi

Tangu UVIKO-19 iingie nchini mwaka 2020, kile kifaa kidogo cha kubana kidole kimeenea hadi majumbani. Wazazi wa Kigombe hutuambia: "Nesi, mtoto ana 97, hana neno." Sisi wauguzi tunakipenda kifaa hiki, lakini tunaona kimeanza kuaminiwa kupita kiasi.

Kinatumia mwanga, kwa njia aliyoitangaza Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Taa mbili, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, hupenya kidole, na kifaa hukadiria ni sehemu gani ya damu imebeba oksijeni. Sehemu tu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria aweza kuandikiwa 98, kwa kuwa ile kidogo iliyobaki imebeba oksijeni yake. Ni sawa na kusifu mashua zilizojaa samaki bila kuuliza ni ngapi zimerudi. Moshi wa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa nao hukidanganya: damu yenye sumu hiyo huonekana kama yenye oksijeni. Piko na rangi za kucha (akina mama, mnajijua) huweza kuzuia mwanga; tumieni kidole kisichopakwa.

Lipo pia la ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kifaa na damu iliyopimwa maabara. Kifaa kiliposoma 92 hadi 96, kwa wagonjwa weusi vipimo kama 12 katika kila 100 vilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe kama 4. Kwa hiyo wanaotununulia vifaa wadai ushahidi kwamba vimejaribiwa kwa ngozi kama zetu. Bei nafuu pekee si sababu ya kununua.

Namba ikiwa chini ya 90, mleteni mtoto mara moja. Ikiwa juu, mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifikisha 40, aonwe siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, au viganja vikiwa vyeupe, tafuteni usafiri hata usiku, maana hadi Bombo kuna mwendo. Fanyeni hivyo hata kama kifaa kimeandika 99.