DAMU IKISHATOKA MWILINI NI YA NANI?



Wengi wetu hupelekwa na tajiri kupimwa. Mtu hunyosha mkono, damu hutolewa, hujaza kichupa cha mkojo, kisha hurudi kazini. Kichupa kimekwenda wapi? Hatuulizi. Twaona haya, kana kwamba tulikwenda kuomba.

Huko Marekani mfanya kazi mmoja aliuliza. John Moore alikuwa mpima ardhi katika kazi ya bomba la mafuta la Alaska. Mwaka 1976 alikuwa na saratani ya damu, na hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikamtoa wengu. Alipata nafuu, na kwa hilo daktari alistahili shukrani. Lakini kwa miaka 7 aliitwa arudi kutoka kwao Seattle kutoa damu, ngozi na uboho, naye akidhani ni matibabu tu. Kumbe chembe za wengu wake zilikuwa zikikuzwa! Mwaka 1984 Chuo kilipata hati ya serikali ya kuzimiliki, na kampuni moja ilikubali kulipa si chini ya dola 330,000. Moore hakuwamo katika mapatano hayo.

Alishtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ilisema hawezi kudai kwamba ameibiwa mali, ila daktari alipaswa kumwambia mapema kuwa ana faida yake ndani ya jambo hilo. Basi chembe zaweza kuwa mali ya chuo, zaweza kuwa mali ya kampuni, isipokuwa mali ya yule aliyezaliwa nazo.

Kwetu sisi bei si neno kubwa, maana damu ya wengi haina mnunuzi. Neno kubwa ni habari iliyomo ndani yake, ambayo yaweza kumfukuzisha mtu kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa Ukimwi ili apate kazi, na ile ya 2019 yampa haki ya kuambiwa habari zake zatumiwaje, na kuziona. Lakini langoni mwa kiwanda, mtu mwenye watoto wa kulisha hataji sheria.

Kwa hiyo mkataba ujao useme wazi: damu ipimwe kwa ugonjwa ulioandikwa tu, majibu yamfikie mwenyewe kwanza, na inayobaki imwagwe, ama iwekwe kwa sahihi ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Wajumbe wa kazini walete maoni ya wanachama wao katika mkutano wa tawi.