Mjuzi wa programu akiingia katika wavuti

Mnamo Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule zetu za msingi na za upili. Hatua hiyo ilipongezwa, na ilistahili pongezi. Hata hivyo, lipo swali ambalo halijapewa uzito wake. Yule aliyekwisha kujifunza programu za kawaida, awe mwalimu au mwanafunzi, ataingiaje katika ulimwengu wa wavuti, ambako ndiko huduma nyingi za umma na za biashara zilikohamia?

Wengi hudhani kwamba ni kuongeza lugha moja tu juu ya zile wanazozijua. Wanajidanganya. Kwa miaka mingi, wanafunzi wa somo la Tarakilishi walilelewa kwa lugha kama Pascal na Visual Basic. Humo, programu hukaa ndani ya mashine moja, na ukikosea nukta unakemewa papo hapo. HTML haina ukali huo. Ukisahau kufunga alama, kivinjari hukisia ulichokusudia, kikauonyesha ukurasa, kikanyamaza. Mwanafunzi hufurahia ukurasa unaopendeza kumbe ndani umeoza, na mwalimu anayesahihisha kwa kutazama kioo pekee hutuza kosa.

Ugeni ulio mkubwa zaidi ni wa kumbukumbu. HTTP, utaratibu ambao kivinjari na seva huutumia kuzungumza, hauna kumbukumbu. Seva ikishakujibu imekusahau. Ukirudi baada ya sekunde moja, wewe ni mgeni tena. Ndiyo maana mwaka wa 1994 vilibuniwa vidakuzi, yaani vijibarua ambavyo kivinjari huvibeba ili kujitambulisha kwa seva. Aliyezoea kuhifadhi jambo katika programu yake na kulikuta pale pale alipoliacha hutaabika sana hapa, na aghalabu hujilaumu kwamba hana akili. Akili anazo, kinachomkwaza ni mazoea.

Tuchukue mathalan mwenye duka anayetaka tovuti yake ipokee malipo ya M-Pesa. Tovuti hutuma ombi, na mteja huulizwa nambari yake ya siri kwenye simu. Jibu la kwanza linaloirudia tovuti husema tu kwamba ombi limepokewa. Habari ya kulipwa au kutolipwa huja baadaye, kupitia anwani nyingine ambayo mwandishi wa programu sharti awe ameiandaa mapema. Mgeni wa wavuti akilichukua jibu la kwanza kuwa ndilo malipo, bidhaa zitatoka dukani bila hata senti moja kuingia. Vivyo hivyo, akiiamini bei inayotoka kwenye kivinjari cha mteja, asistaajabu siku moja kuuza redio kwa shilingi mbili, maana kilicho ndani ya kivinjari kimo mikononi mwa mteja.

Kinachosikitisha ni kwamba vijana wengi huruka haya yote na kuanza moja kwa moja na viunzi kama React. Viunzi hivyo si vibaya. Hata mimi siwezi kumshauri mtu aliyeajiriwa avikwepe. Lakini asiyejua kinachopita kati ya kivinjari na seva hatajua pa kushika siku kiunzi kitakapomgomea.

Wapo walimu watakaosema kwamba shule zao hazina intaneti. Kisingizio hicho hakina mashiko. HTML na CSS huhitaji programu ya kuandikia maandishi na kivinjari, basi. Faili hufunguliwa kutoka kwenye diski ya mashine yenyewe. Na penye Python, amri moja tu huwasha seva ndogo ndani ya tarakilishi hiyo hiyo. Tim Berners-Lee mwenyewe, alipokuwa CERN mjini Geneva mwaka wa 1990, aliendesha kivinjari na seva ya kwanza kwenye tarakilishi moja. Mwalimu na aanze hivyo: mwanafunzi aandike ukurasa mmoja, aombe faili, aone seva ikiandika ombi lake mstari kwa mstari. Kisha seva izimwe, na darasa liulizwe ni kitu gani kilichobaki kwenye kioo, na kwa nini.